Mashine Isiyo na Pikapu

Mara ya kwanza nilipoipanda ile kwodi ya mzee wa Kisaju, nilibonyeza mafuta hadi mwisho, injini ikanguruma vizuri kabisa, na kuku akanipita. Sitii chumvi. Alikuwa kuku mwekundu, anatoka mlangoni pa nyumba anaelekea kwenye zizi la mbuzi, na alifika kabla yangu. Nilizima mashine nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mzee mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, hakucheka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, fundi wa kike katika gereji moja ya Kitengela, na nilikuwa na hasira za karibu. Wateja walizoea kunikuta nimeshika spana, mafuta machafu hadi kwenye viwiko, halafu waniulize fundi yuko wapi. Wengine niliwaelekeza chooni. Kwa hiyo mtu alipokuja kutoka Kisaju akasema baba yake ana kwodi iliyowashinda mafundi wawili, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kwodi, kwa asiyeijua, ni pikipiki ya magurudumu manne manene. Hii ilikuwa imenunuliwa kutoka shamba moja la maua, na haikuwa na gia za kupiga kwa mguu: unawasha, unabonyeza mafuta, inakwenda. Au haiendi.

Mzee alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliopita. Kwa fimbo mbili aliweza kufika mwisho wa ua na kurudi, basi. Ng'ombe wake walikuwa ng'ambo ya korongo, juu ya mgongo wa kilima ambako nyasi zilikuwa zimebaki, wakichungwa na huyo mwanawe aliyekuja kunichukua, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole wa maneno. Kwodi ilinunuliwa kwa kazi moja tu: kumvusha mzee akawaone. Ilishuka korongoni bila tabu. Kupanda ukingo wa pili ndiko kulikoishinda. Ilifika katikati, ikakohoa, ikaanza kurudi nyuma, na wanaume wakalazimika kuisukuma kwa mabega huku yeye amekaa juu. Walifanya hivyo mara mbili bila kufika juu. Ya tatu alikataa.

"Mimi si gunia," aliniambia. Na miezi mingi ikapita hajamwona ng'ombe wake hata mmoja kwa macho yake.

Nilifungua kifuniko cha pembeni. Ndani kulikuwa na puli mbili na mkanda mpana wa mpira unaozizunguka. Puli ya mbele ndiyo klachi yenyewe. Ina springi moja nene inayoitenganisha na mkanda, na vizito vinavyofunguka injini ikizunguka kwa kasi. Vizito vikiishinda springi, puli inauma mkanda na mashine inaondoka. Sasa, springi ikiwa imechoka, puli inauma mapema mno, kabla injini haijapata nguvu zake. Ni sawa na kumwamsha mtu usingizini na hapo hapo kumtwika ndoo ya maji kichwani. Niliitoa ile springi nikaishika kwa vidole viwili, ikanywea kama sponji. Moyo wangu ulipiga kwa furaha. Mafundi wawili walikuwa wamesafisha kabureta na kubadilisha plagi, na hakuna hata mmoja aliyefungua kifuniko hiki.

Mzee alizungumza Kiswahili cha pole pole, kwa hiyo mambo ya ufundi nilimpitishia mwanawe. "Mwambie mzee injini iko sawa," nilisema. "Shida ni moja, haina pikapu. Anipe siku tatu nimletee pikapu."

Mwana akageuza kwa Kimaasai. Mzee akanitazama muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali, akagonga ardhi kwa fimbo. Nikajiambia, huyu ananiamini.

Kitengela, nyuma ya soko, kulikuwa na mama mmoja wa Kisomali kutoka kaskazini aliyeuza sukari, tambi na vitenge upande mmoja wa duka, na spea za pikipiki upande wa pili. Marehemu mumewe ndiye aliyeanzisha upande wa spea, lakini yeye ndiye aliyezijua. Nilimwekea ile springi yangu juu ya kaunta.

"Abaayo, dada yangu, hii imekufa zamani," akasema.

"Niko nayo tu kama sampuli. Niletee zote zenye upana kama huo."

Alileta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa springi. Tukapata tatu zilizoingia: moja imepakwa doa jeupe, moja la manjano, moja jekundu. Rangi hizo humaanisha ugumu, lakini kila kiwanda na rangi zake, na makaratasi yake yalikuwa yamepotea. Nilianza kuzifinya kwa viganja, nikisema hii ngumu, hii ngumu zaidi. Mama akanitazama kama mtu anayemwona mwenzake akipima unga kwa macho. Akaondoa sukari kwenye mizani.

Namna alivyofanya sijawahi kuisahau, na hadi leo ndivyo ninavyofanya. Alisimamisha springi katikati ya sahani ya mizani, akasimamisha kiberiti kando yake kiwe kipimo cha kimo, akaweka ubao mdogo juu ya springi, akasukuma chini kwa mikono miwili mpaka ubao ukagusa kiberiti. "Soma," akaniambia. Yangu iliyochoka ilisoma kilo kumi na moja. Nyeupe, kumi na sita. Ya manjano, ishirini na mbili. Nyekundu ilimtoa jasho, ikasoma thelathini na moja, na kiberiti kikapondeka.

"Inapanda wapi, hii pikipiki yako?" aliuliza.

"Ukingo wa korongo. Na mzee juu yake."

"Basi chukua ya manjano, wallahi. Hii nyekundu ni ya vijana wa kushindana."

Nilichukua zote mbili. Kwa kweli nilishaamua kuwa nyekundu ndiyo itakayoingia. Nilikuwa nataka ile kwodi iruke. Njia nzima ya kurudi Kisaju nilikuwa nazifinya mfukoni.

Nilipofika asubuhi ya siku ya tatu niliikuta kwodi imeoshwa. Matope yote ya korongo yalikuwa yameondoka, hata tairi zilikuwa zinang'aa. Nilidhani ni kwa heshima yangu.

"Takwenya," mzee akanisalimia.

"Iko," nikaitika, nikainamisha kichwa akakigusa.

"Mwenye kununua anakuja saa sita," akasema. "Imeoshwa tayari."

"Kununua nini, baba?"

"Hii. Nauza hii, naongeza ndume wanne, nanunua pikapu. Si wewe ulisema inataka pikapu?"

Ilinichukua muda kuelewa. Sisi mafundi, na kila dereva kuanzia Athi River hadi Namanga, tukisema gari halina pikapu tunamaanisha haliondoki kwa nguvu, haliitiki ukibonyeza mafuta. Mzee alijua pikapu moja tu, ile ya kubebea ndama na magunia. Siku tatu nzima alikuwa anaamini kwamba fundi kutoka Kitengela amechunguza mashine yake na kutoa hukumu: nunua gari. Nilicheka, halafu nikaona uso wake, nikaacha.

"Na pikapu itavuka korongo?" niliuliza.

"Haitavuka."

"Sasa ya nini, baba?"

"Nilifikiri fundi anajua kitu mimi sijui." Alisema hivyo bila kunilaumu, na ndiyo maana iliniuma. Mzee alikuwa amekubali kuacha kuwaona ng'ombe wake kwa sababu ya neno langu moja.

Nikamgeukia mwanawe. Yeye alizijua pikapu zote mbili, alikuwa ameendesha magari ya watu mpaka Tanzania. "Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia vile ulisema," akajibu, macho chini. "Na huyo mtu tumeshakubaliana. Si vizuri kumrudisha."

Hasira zikanipanda. Nilimwambia mzee mwenyewe, kwa Kiswahili kifupi, nikiwa nimeinua ile springi nyekundu mbele ya pua yake: hii ndiyo pikapu niliyoahidi, inaingia mfukoni, nipe mpaka saa sita. Akaichukua, akaigeuza, akajaribu kuifinya ikamshinda. Kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Mpe nafasi," akamwambia mwanawe.

Nilifanya kazi nikiimba. Kufungua ile puli kunataka adabu, kwa sababu springi ikikurukia usoni hutasahau, lakini mikono yangu ilikuwa inajua. Nikaweka nyekundu, nikafunga, nikawasha, nikapanda. Nikabonyeza mafuta kidogo. Injini ikalia, kwodi haikusogea. Nikaongeza, ikapiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia, bado imesimama. Nikaongeza tena, na hapo ikaruka. Haikuondoka, iliruka, kama ndama aliyechomwa dawa, magurudumu ya mbele hewani, mimi nimeng'ang'ania usukani. Nilisimama karibu na ua wa miiba na harufu ya mpira ulioungua ikatufikia sote. Mtu mwenye nyonga iliyovunjika angeanguka chali hata kabla ya kufika korongoni.

Mama wa sukari alikuwa ameniambia. Nilijitukana kwa Kikamba, lugha ya mama yangu, kwa sababu hapo hakuna aliyeielewa.

Ilikuwa imebaki saa moja hivi. Puli ilikuwa ya moto, nikaungua vidole viwili na sikujali. Ya manjano iliingia kwa kusukumwa kwa kiganja, bila ugomvi. Niliwasha. Nikabonyeza kidogo, nikasikia injini ikipanda, ikapata sauti yake ya kifua, na wakati huo huo, si kabla na si baada, klachi ikauma. Kwodi ikaondoka. Ee, iliondoka! Nilizunguka boma mara tatu, upepo masikioni, nikipiga kelele za mtoto. Nilisimama katikati ya uwanja nikaondoka tena, nikasimama nikaondoka, kwa raha tu ya kuisikia ikiitika.

Mzee alikuwa ameshasimama kwa fimbo zake. Hakusubiri kuambiwa.

Tulimpandisha, akafunga fimbo zake nyuma kwa kamba ya mpira. Tulikwenda naye hadi korongoni, mimi na mwanawe tukitembea kando. Alishuka taratibu. Chini, kwenye mchanga, alisimama akautazama ukingo ule uliomshinda mara mbili. Nilimpigia kelele kwamba asibonyeze nusu nusu, akibonyeza aendelee. Sijui kama alinisikia. Injini ikapanda, ikauma, na mashine ikaupanda ukingo ikirusha kokoto nyuma yake, katikati ikapunguza mwendo kidogo, kisha ikashika tena na kutokea juu. Shuka yake nyekundu ikaonekana mara moja dhidi ya mbingu, ikapotea upande wa pili.

Niliruka. Nilimkumbatia yule mwana, jambo ambalo halifanywi, na nikagundua hakuwa anafurahi. Alikuwa ameanza kukimbia.

Nilimfuata, nikateleza, nikapanda kwa mikono. Tulipofika juu tulimkuta mzee amezima injini katikati ya kundi. Ng'ombe walikuwa wamemsogelea, mmoja analamba usukani. Alikuwa anawaangalia mmoja mmoja, anawagusa pua, anawasemesha, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mteja yeyote. Kisha akaanza kugeuka kwenye kiti, huku na huku, kama anayetafuta kitu alichoweka hapo.

"Yuko wapi yule mweusi mwenye tumbo jeupe?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, labda kwa sababu yangu, labda ili iwe vigumu kumjibu.

Mwanawe akamsukuma kando yule ng'ombe aliyekuwa akilamba usukani.

"Jana jioni uliniambia amekunywa maji vizuri."

"Alikufa, baba. Tangu kiangazi kianze." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alianguka na ndama tumboni. Niliogopa. Ulikuwa bado unalala chini, huli. Nikasema nitakuambia ukipona, halafu kila jioni ukaniuliza, na kila jioni nikasema amekunywa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini neno langu la pikapu liliachwa lizunguke siku tatu bila mtu kulisahihisha. Nilitaka ardhi inimeze. Mimi ndiye niliyemleta mzee juu ya kilima kile, na dakika mbili nyuma nilikuwa naruka.

Mwana alikwenda akasimama mbele ya kwodi, akainamisha kichwa namna mtoto anavyomwinamia mzazi kusalimiwa. Mzee aliutazama ule utosi. Nikadhani hataugusa. Kisha akaweka mkono, akauacha hapo.

"Nionyeshe mahali alipoanguka," akasema.

Akawasha. Wakaenda hivyo katikati ya ng'ombe, mwana ameshika chuma cha mbele, na mashine ikitembea kwa mwendo wa mtu wa miguu.