Udongo Anaoniletea Mama Mkwe Umeniweka Roho Juu

Admin, jina langu lifiche, na mtaa usiutaje, maana huku Ilemela tunajuana. Nina miaka 27, nimeolewa, na nina ujauzito wa miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na baada ya ile ya pili majirani walianza kumwambia mume wangu atafute mwanamke mwingine. Aliyewafunga midomo ni mama mkwe. Aliwaambia, "Huyu ni mwanangu, hapa haondoki mtu." Yule mama nampenda sana.

Wanawake wenzangu mnaijua hamu ya udongo. Mimi nikishika mimba, bila udongo silali. Ule wa sokoni mama mkwe hautaki, anasema umeshikwashikwa na kila mtu. Huwa anachimba mwenyewe pale ufukweni tunapoogelea Jumapili, pembeni ya mtaro unaotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Anaukanda, anaukausha juu ya moto, ananiletea kwenye kitambaa.

Wiki iliyopita nilipita pale nikakuta bango. Wataalamu wamepima, wanasema maji na udongo wa ufukwe ule vina madini ya risasi, watu wasiogelee na watoto wasichezee. Watoto wasiuchezee, na mimi naula! Na mtakaonicheka chekeni, lakini nasoma lile bango huku mate yananijaa mdomoni.

Kliniki nilimuuliza nesi kwa kuzungukazunguka, kana kwamba namuulizia rafiki yangu. Akasema ile ni sumu, inaingia kwenye damu ya mama, inamfikia mtoto, na inaweza hata kutoa mimba. "Mwambie aache leo leo, aje tumwelekeze pa kupima damu." Niliitikia tu. Nilikuwa nawaza zile mbili zilizotoka, maana na zenyewe nilizilea kwa udongo huohuo. Labda siyo sababu, sijui. Lakini hofu hii hainiachi hata nikiwa jikoni napika.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Unataka mama aambiwe amewaua wajukuu zake? Si atakufa?" Akanikataza kusema. Eti niwe naupokea na kuutupa.

Jana mama kaja na kitambaa chake. Nikamwamkia, nikajikaza, nikasema, "Mama, nasikia udongo wa pale una sumu ya kiwanda." Akacheka. "Mwanangu, wanangu wote nimewazaa nikila udongo ule, na mumeo si huyo mzima? Kiwanda chenyewe kimekuja juzi tu." Mama wa watu, hicho cha juzi ndicho ninachokiogopa! Akamega kipande, akala nusu mbele yangu, nusu akaninyooshea. "Haya, kula, mtoto apate nguvu." Alikuwa ananitazama kwa upendo, jamani. Nikala.

Tangu hapo mtoto akicheza tumboni nalia, akitulia kidogo naogopa zaidi. Kesho mama anakuja tena. Nyie mlio na wakwe, na nyie mlio wakwe za watu, nipeni maneno ya kumwambia mwanamke aliyenitetea pale ambapo hakuna mwingine aliyenitetea. Namwambiaje, na nisipomwambia, huyu mwanangu nitamficha wapi?