Mfugaji Niliyemwandikia "Hakuna"

Siku ya kwanza kazini nilifika Omurushaka saa moja asubuhi, na ofisi ikafunguliwa saa tatu. Katika saa hizo mbili nilikwisha kuamua mara tatu kurudi zangu nyumbani Kihanga. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Wifi yangu hupenda kusema kwamba naogopa hata mvua inayonyesha kwa jirani, na wala hakosei sana.

Mradi ule ulikuwa wa utafiti wa saikolojia. Ulitaka kujua watu wa vijiji vya Karagwe na Kyerwa wanabebaje misiba na mawazo mazito. Mimi niliajiriwa kuwa mhoji, yaani yule anayekwenda nyumba kwa nyumba na dodoso, karatasi ya maswali yaliyopangwa. Mratibu wa Utafiti, mtu mwembamba aliyenyoa ndevu kila siku hata kukiwa hakuna maji, alinikabidhi dodoso langu la kwanza kwa mikono miwili.

"Mama, kazi yako si kufariji," aliniambia. "Kazi yako ni kuuliza na kuandika. Swali lisome kama lilivyo. Ukilipamba, umelijibu wewe."

Tulifundishwa kwanza kuomba ridhaa. Mtu aelezwe tunatafuta nini, aambiwe anaweza kukataa au kuacha katikati, ndipo atie sahihi au dole gumba. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Mzee mmoja alikitazama kidole chake kilichopakwa wino akaniuliza kama hajauza kibanja chake cha migomba. Kisha usiri: jina la mtu halikai kwenye dodoso, inakaa namba tu, na orodha ya majina inafungiwa kabatini. Ndiyo maana yule nitakayemsimulia hapa sitamtaja jina. Mimi nimestaafu, kiapo hakijastaafu.

Dodoso tulilijaribia Kihanga, kwetu, na hapo nikapata aibu ya kwanza. Mama mmoja ninayesali naye kanisa moja alinisikiliza hadi swali la tano, akacheka. "Waitu, mwenzangu, unaniuliza kama nimefiwa, na wewe ndiye uliyepika msibani kwangu?" Mratibu aliposikia, akaweka kanuni kwamba hakuna kumhoji mtu anayekujua. Nikapelekwa Kyerwa, kwanza vijiji vya wakulima kata ya Songambele, ambako migomba ilikuwa migomba kama ya kwetu na nilijiona hodari. Baadaye wakanipeleka kwenye rweya, nyasi zile za wazi wanakokaa wafugaji.

Huko ndiko nilikokosea.

Alikuwa mzee wa makamo, mrefu, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Boma lake lilikuwa tupu. Nililiona, nikadhani mifugo iko malishoni. Nikampa shikamoo, nikasoma ridhaa, akatia sahihi nzuri kabisa. Mkewe alikuwa pembeni akifukizia moshi vibuyu vya maziwa, ingawa sikuona maziwa. Sehemu ya tatu ya dodoso ilikuwa na orodha ya misiba: kufiwa na mwenza, mtoto, mzazi, ndugu, nyumba kuungua. Mhoji anasoma, anatia alama.

"Nimefiwa," alisema kabla sijamaliza orodha.

"Pole sana, mzee. Nani?"

"Bihogo. Halafu Gaaju. Halafu wote."

Wafugaji wa huko huwaita ng'ombe kwa rangi zao, na hayo yalikuwa majina ya ng'ombe. Ndigana, ugonjwa wa kupe, ilikuwa imeingia bomani ikawamaliza. Nami, mtoto wa mkulima, ambaye kwetu ng'ombe alikuwa mmoja wa kutoa mbolea ya migomba, nilicheka. Si kwa ubaya, nilicheka kama tunavyocheka kumchangamsha mtu. "Mzee wangu, ng'ombe si mtu. Uhai upo, Mungu atakupa wengine." Kisha nikaandika kwenye mstari wa misiba: Hakuna.

Maswali yote yaliyobaki, ya usingizi, ya chakula, ya kutamani asingekuwepo duniani, aliyajibu "hapana" upesi upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Nikafurahi kwamba nimemaliza mapema. Mkewe alinisindikiza hadi njiani, akasema kwa sauti ya chini, "Hali chakula vizuri. Na fimbo zake za kuchungia amewagawia majirani." Nikaandika pembeni, kwa kuwa tulifundishwa kuandika kila kitu: Amegawa fimbo. Nikaendelea na safari.

Siku mbili baadaye nilikuwa ofisini Omurushaka, tunahakiki madodoso. Kuhakiki ni kupitia majibu moja moja kabla hayajatumwa. Nikafika kwenye lile la kwake, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe pale pembeni, nikausoma tena. Mafunzoni tuliambiwa wazi: mtu mwenye huzuni akianza kugawa vitu anavyovipenda, usimwache peke yake. Mfugaji na fimbo yake! Baba yangu angegawa panga lake la migomba, ningekimbia kijiji kizima nikipiga kelele. Kwa huyu niliandika kama ninayeandika hali ya hewa.

Nikamwendea Mratibu.

"Alama zake ziko chini," alisema akiangalia jumla. "Hafiki kiwango cha kupewa rufaa kwa mnasihi. Karatasi inasema yuko salama."

"Karatasi niliijaza mimi."

"Mama, kanuni inakataza mhoji kumrudia mtu. Ukimrudia unaharibu majibu, na majirani watajua kuna jambo. Ngoja nimpigie Mtafiti Mkuu."

Akapiga. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Mimi nilisimama, siwezi kukaa, nimeshika mkoba wangu kifuani. Nilikuwa nikiwaza mume wangu alipofariki. Watu walijaa, wakalala kwetu, wakapika, wakanichotea maji, hata wale tuliokuwa tumenuniana. Yule mzee amezika boma zima na hakuna aliyekwenda kukaa naye. Mtu pekee aliyeketi mbele yake na kumuuliza alikuwa mimi, nami nikamcheka.

"Nikikukatalia halafu afe?" Mratibu aliuliza, lakini aliiuliza simu, si mimi. Akatoa kalamu mfukoni, akairudisha. "Mimi sijakutuma. Ila mnasihi yuko kituo cha afya leo. Mpitie, nendeni wote. Usiende na dodoso."

Mnasihi alikuwa binti mpole, akapanda pikipiki moja nami ya pili. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya Kyerwa ilikuwa tope tupu. Kila tulipoteleza dereva wangu alisema "pole mama," na kila aliposema pole nilisikia kama ananipa habari za msiba. Nilijiapiza kwamba tukikuta watu wamekusanyika nitashuka na kurudi kwa miguu.

Hatukukuta mtu isipokuwa mkewe. "Katoka tangu asubuhi," alisema. "Kasema anakwenda kutazama nyasi." Hakuuliza tumefuata nini. Aliondoka mbele yetu, anatembea haraka, halafu anakimbia, nasi nyuma yake.

Tulimkuta ng'ambo ya kilima, pale walipofukia mizoga. Amekaa chini, mikono magotini, hana kitu mkononi. Nilimshukuru Mungu, nikakaa karibu naye bila kukaribishwa.

"Mzee," nilisema, "nimekuja kukuhani."

"Umechelewa," alisema. "Lakini karibu."

Kisha akaanza kuwataja. Kila mmoja kwa jina, mama yake nani, alizaa mara ngapi, alikuwa na tabia gani. Yuko aliyekuwa mchokozi, yuko aliyekuwa hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Alipofika kwa Bihogo alilia, mkewe akalia, nami nikalia, ingawa kwa kweli hadi leo siwezi kusema najua uchungu wa ng'ombe. Siujui. Nilichokijua siku ile ni kwamba haikuwa lazima niujue ndipo nikae pale. Mnasihi alimuuliza waziwazi kama alikuwa amekusudia kujiua. Akasema ndiyo. Hilo "ndiyo" ndilo jibu pekee la kweli tulilolipata kwake, na halikuwa na namba ya swali.

Mnasihi aliendelea kumtembelea, na jamaa zake wakaitwa wakae naye kwa zamu. Aliishi. Mtafiti Mkuu aliniandikia barua ya onyo kwa kuvunja kanuni, na baadaye kidogo akaongeza mstari kwenye dodoso: msiba mwingine wowote anaoutaja mwenyewe. Barua ninayo. Sikuwahi kuikasirikia, maana kanuni ile ilikuwa na sababu zake nzuri, na baadhi ya sababu hizo nimewafundisha wenzangu kwa miaka.

Sasa nimestaafu, niko Kihanga na kahawa zangu. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi hubeba vishikwambi, wanabonyeza tu, na majibu yanajijumlisha yenyewe. Huniuliza niliwezaje kusikiliza huzuni za watu wote wale bila kuugua. Wanapenda nisimulie habari za yule mzee, kwa sababu zinaishia vizuri, na wakiondoka huwa wamechangamka.

Mimi hubaki nikihesabu vijiji. Yule nilimrudia kwa sababu mkewe alinisindikiza na nikaandika maneno mawili pembeni. Kuna nyumba nyingi nilizotoka bila kusindikizwa na mtu, na pembeni pa karatasi zao ni peupe, na kwenye mstari wa misiba, kwa mwandiko wangu mzuri, pameandikwa Hakuna.