Spoku za Mkono wa Mama

Mama yetu alikuwa na kofi lake. Si la shavuni, shavuni hakutupiga hata siku moja. La kwake lilitua juu ya mkono, palepale kwenye sinia, mtoto akithubutu kudokoa nyama kabla wageni hawajachukua. Paa! Halafu anaendelea kuzungumza na mgeni kana kwamba amefukuza nzi. Mimi ndiye niliyeyala mengi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mroho na haya sikuwa nazo. Mpaka leo, na wajukuu natarajia, nikiona paja la kuku mkono wangu unasita wenyewe.

Kiharusi kilipompiga tulidhani tumempoteza. Mungu akamrudishia mguu, akamrudishia bega, akamrudishia ulimi, tena ulimi ukaja na nyongeza. Kilichobaki nyuma ni kiganja cha mkono wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alitueleza vizuri: nguvu ya kufumba ngumi anayo, nguvu ya kufumbua ndiyo imepotea. Akishika kitu hakiachi. Ukitaka kumtoa kikombe mkononi unambandua kidole kimoja kimoja, naye anatazama pembeni.

Sasa mtu asiyeweza kufumbua mkono wa kulia atakulaje ugali? Wa kushoto una kazi zake, na kula si mojawapo. Nilipomletea kijiko alikitazama kama nimemletea nyoka. Basi nikawa namlisha mimi, chumbani kwake, pazia limeshushwa, asionekane na mtu. Alikuwa anatafuna huku amefumba macho kama anayemeza dawa. Mama yule aliyekuwa akikaribisha watu hata wapita njia, akawa anakula kwa kujificha. Iliniuma, jamani. Na mimi nikiumwa moyo huwa silii, nagomba. Niligombana na majirani, nikagombana na kuku, nikamgombeza na yeye mwenyewe.

Ndipo mwanangu akapata mchumba, binti wa Manyoni, na wazee wa binti wakasema watakuja kijijini kwetu Mgori kutufahamu. Kwetu mgeni wa namna hiyo haachwi ale peke yake. Mkubwa wa nyumba anakaa naye kwenye sinia, anakuwa wa kwanza kumega, ndipo mgeni anajua amepokelewa. Mkubwa wa nyumba yetu ni mama.

"Waambieni naumwa," akasema.

"Huumwi, mama. Unatembea mpaka kisimani."

"Mimi sikai mbele ya wakwe nikitiwa matonge mdomoni kama kifaranga. Mkinilazimisha nitahamia Singida Mjini nikalale sokoni."

Nikampigia simu mdogo wangu wa kike. Yeye ni kitinda mimba wetu, anafundisha ufundi wa mitambo chuoni hukohuko Mjini. Nilimwambia njoo umbembeleze mama, wewe ndiye anayekusikiliza. Akaja kwa bodaboda, mgongoni kompyuta, mapajani mzigo wa vipande vya mabomba ya maji. Nikamwuliza, "Nimekuita umbembeleze mama au uje kutuvutia maji?" Akacheka tu. Mdogo wangu huwezi kugombana naye, ni kama kupigana na mto wa kulalia.

Hakumbembeleza mama hata kidogo. Alimpa shikamoo, akaketi miguuni pake, akauchukua ule mkono. Kisha akatoa mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wanaopimia nyama, akafunga kitambaa kwenye kidole cha shahada na kukivuta taratibu kwa mzani mpaka kikanyooka. Akasoma. Akafanya vivyo hivyo kwa vingine vyote, mpaka gumba. Mama akauliza, "Unaniuza kwa kilo?" Nilikuwa sijamsikia akitania tangu augue.

Alichotaka kutengeneza kilikuwa hivi. Kikuku cha plastiki kwenye kifundo cha mkono, na kutoka kwenye kikuku, ulimi mwembamba unaopita juu ya mgongo wa kila kidole mpaka karibu na ncha, ukiishia kwa pete. Mama akifumba, anaupinda ulimi. Akilegeza, ulimi unajirudi na kumfumbua vidole. Nikauliza kwa nini asiweke bawaba ndogo kama za mlango, kitu cha kueleweka. Akanijibu, "Dada, mkono wa kula unanawishwa kabla na baada. Bawaba itajaa ugali siku ya kwanza, siku ya tatu imeganda. Kitu kikijipinda chenyewe hakina pa kuficha uchafu."

Nikakubali, ila nikamwambia kupinda si kazi, hata fimbo ya mchungaji inapinda. Akasema kazi ni kujua itapinda mpaka wapi kabla hujaikata. Ikiwa ngumu mno mama hataweza kufumba. Ikiwa laini mno haitamfumbua. Nikamwambia hilo hulijui mpaka ujaribu. "Najua," akasema, bila majivuno, kama anayesema anajua njia ya kisimani.

Weee! Nikamwambia thibitisha.

Akabana kipande cha plastiki ukingoni mwa meza ya jikoni, kikachomoza sambamba na ukuta. Akafungua kompyuta, akabofyabofya, kisha akaokota mkaa na kuchora ukutani alama tatu. Akasema nikining'iniza pakiti moja ya chumvi, ncha itafika hapa. Mbili, hapa. Tatu, hapa. Nikaangalia zile alama nikaona nimemkamata. Ya pili ilikuwa mbali na ya kwanza, lakini ya tatu ilikuwa imeisogelea ya pili, tena imerudi nyuma kuelekea mezani.

"Chumvi ni ileile," nikasema. "Mbona hatua inapungua? Msomi, umekosea."

"Ngoja, dada."

Pakiti ya kwanza ikashuka mpaka kwenye alama. Ya pili ikashuka mpaka kwenye alama. Nikaitundika ya tatu kwa mkono wangu mwenyewe asije akanichezea mchezo, na ile ncha ikashuka kidogo, ikajivuta nyuma, ikatulia juu ya mkaa. Loo! Nilisimama pale nimeshika kiuno. Akanieleza kwamba kitu kikipinda kidogo hesabu yake ni nyepesi, ukizidisha mzigo mara mbili kinapinda mara mbili. Kikipinda sana, umbo lenyewe limebadilika, na mzigo haukivuti tena kwa upande uleule. Kwa hiyo yeye anakigawa kwenye kompyuta kuwa vipande vingi vidogo, kila kimoja kinapinda kidogo tu na kumwegemea jirani yake, kama watu wanaosukumana kwenye foleni. Anamwuliza wa kwanza umeegemea kiasi gani, anakwenda kwa wa pili, mpaka wa mwisho. Mimi nilimbeba mgongoni mtoto huyu. Nilimfuta kamasi kwa kanga yangu. Sikujua kama kichwani mwake mnakaa foleni ya namna hiyo, na siku ile nilimstaajabia kwelikweli.

Tukapasha bomba juu ya jiko la mkaa mpaka likalegea, tukalipasua, tukalilaza, yeye akikata na mimi nikishika kwa koleo. "Samaki mkunje angali mbichi," nikasema, nikijiona fundi. Mama akajibu kutoka mlangoni kwamba yeye ni samaki mkavu, tuangalie tusimvunje. Kifaa kilipopoa tukamvisha. Kwa kuwa chakula hakichezewi nyumbani kwetu, mdogo wangu akakanda udongo wa mfinyanzi uwe mahali pa ugali. Mama akafumba, akamega. Akalegeza. Vidole vikafunguka, polepole, mpaka palepale mdogo wangu alipokuwa amechora kwenye kipande cha boksi kabla hatujakata bomba. Mama akafumba tena na kufumbua, tena na tena. Alijaza matonge ya udongo kwenye sinia zima.

Basi jioni ile nikasonga ugali wa uwele kwa furaha, nikaupakua ukifuka moshi, mama akaketi nasi mkekani kwa mara ya kwanza tangu augue. Akanawa. Akamega tonge la kwanza, akakandamiza, akapeleka mdomoni, na mkono haukufumbuka. Akajitahidi. Zile ndimi za plastiki zilikuwa zimelegea, zimejikunja juu ya vidole kama mboga iliyochemshwa. Alikuwa na tonge ndani ya ngumi na mdomo umefunguka, hawezi kulitoa. Aliushusha mkono, akainuka, akaingia chumbani na kushusha pazia.

Ugali ulikuwa wa moto! Bomba tulilegeza wenyewe kwa moto wa mkaa, kisha tunashangaa limelegea kwa moto wa ugali. Udongo ulikuwa wa baridi. Mdogo wangu aligonga paji la uso kwa kiganja. "Nimehesabu kila kitu isipokuwa kwamba ugali unaliwa wa moto. Nimekulia wapi mimi, Ulaya?" Nilicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakukumbuka tena kwamba yalikuwa ya kicheko. Wageni walikuwa wanakuja keshokutwa yake, na mama alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba tusimsumbue tena.

Mimi ningekata tamaa, nasema kweli. Yeye asubuhi nilimkuta uani amegeuza baiskeli yangu miguu juu, anachomoa spoku.

"Baiskeli yangu!"

"Chuma hakiogopi ugali, dada."

"Na mimi nitapanda nini?"

"Bodaboda."

Spoku ikinyooshwa juu ya kidole ni ngumu mno, mama asingeifumba. Kwa hiyo akaipa safari ndefu ndani ya nafasi fupi. Aliikunja mgongoni mwa kiganja kwa kona kona, kama njia ya nyoka, ili kila kona ipinde kidogo na zote kwa pamoja zipinde sana. Kona ngapi, na pana kiasi gani? Alirudi kwenye kompyuta na ile foleni yake, akatoka akakunja kwa koleo. Pete akazivisha mpira wa tyubu chuma kisimchome mama. Akachora alama mpya ukutani, akaning'iniza chumvi. Safari hii sikubishana. Kisha akaichovya yote kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akaitoa, akaning'iniza tena. Ikatua kwenye mkaa uleule.

Mama alikataa kuijaribu. Alisema amekwisha kuonekana kinyago mara moja, yatosha. Mdogo wangu akaiweka tu juu ya kitanda, kando ya mto, akatoka.

Kesho yake wageni wakafika na jua la mchana: bibi wa binti, mama yake na shangazi zake wawili. Salamu zikaenda, maji yakanywewa, sinia likatua. Nikawa natafuta kichwani uongo wa heshima wa kusema kuhusu mama. Mara pazia likasogea. Akatoka na kanga zake mpya, mkono wa kulia mbele, spoku zinang'aa kama bangili. Bibi wa binti akauliza ni nini hicho, naye akajibu, "Ni kazi ya mwanangu," akaketi.

Akanawa. Akapeleka mkono kwenye ugali, wa moto uleule, akamega, akafinyanga, akachovya kwenye mlenda. Mkono ukapanda. Vidole vikafunguka, tonge likaingia mdomoni, mkono ukashuka mtupu. Akatafuna macho yakiwa wazi. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, midomo inamchezacheza kama anayesali au anayehesabu, sijui ni ipi. "Karibuni," mama akawaambia wageni, nao wakamega.

Akala la pili, la tatu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye kuku, ili awaelekeze wageni wachukue, na mkono ukatetemeka. Sikustahimili. Nilidhani unamshinda. Nikapeleka mkono wangu haraka nimmegee nyama mimi, kama nilivyokuwa namfanyia chumbani.

Paa!

Lilitua juu ya mkono wangu, kiganja wazi, vidole vyote vimenyooka.

"Wageni hawajachukua," mama akasema, akamgeukia bibi wa binti na kumwuliza habari za mvua za Manyoni.

Kofi halipigwi kwa ngumi. Nililifahamu hilo nikiwa nimeinamisha kichwa mbele ya wakwe, mtu mzima, nimepigwa kama mtoto. Nilipoinua macho nilimwona mdogo wangu mlangoni, kanga ameibana mdomoni, mabega yanamtikisika. Baadaye jikoni aliniambia kwa kunong'ona kwamba hilo hakulipigia hesabu.

Mkono uliniwaka mpaka jioni. Sikuusugua.