Mzunguko Niliouacha Suji

Asubuhi hiyo niliondoka Suji bila kujua nitaishia wapi. Nikikaa mahali pamoja mwezi mzima, miguu huanza kuniwasha. Mama aliyenipa chumba alikuwa bado jikoni. Nilimshukuru mlangoni, nikashika njia ya Mhezi.

Nyuma niliacha kazi yangu. Juu ya nyumba ya mama huyo kuna ndiva, bwawa la udongo la kukusanyia maji ya kumwagilia. Mimi niliyeishia darasa la sita, nikajifunza programu kwenye simu, niliifungia kihisi cha kupima kina na mota ya kufunga mlango wa mfereji unaoingiza maji. Programu ilikuwa mzunguko mmoja: pima, subiri, pima tena. Kina kikifika sentimita mia na ishirini, toka kwenye mzunguko, funga mlango. Lakini vyura walikirukia kihisi, kikawa kinatoa namba za ajabu. Nikaongeza mstari: namba ikizidi mia na ishirini, iruke, endelea na mzunguko.

Kwenye kijito nilikuta maji mekundu yamebeba vijiti. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Nikasimama. Maji yakija kwa kasi ile, kipimo kingetoka mia na kumi na nane hadi mia na ishirini na mbili kwa mara moja. Mia na ishirini kamili isingeonekana kamwe. Kila namba ya kweli ingehesabiwa kuwa chura. Mlango usingefungwa, na chini ya ukuta wa udongo wa ndiva kulikuwa na jiko la mama yule.

Simu haikuwa na mtandao. Nilipanda kilima mbio, naanguka, nainuka, hadi ikashika.

“Shikamoo mama, toka jikoni!”

“Marahaba. Nitoke uji uungue?”

“Ndiva inafurika!”

“Ilifurika. Mume wangu katoka huko sasa hivi, kalowa hadi kiunoni. Kaufunga mlango kwa mkono. Mashine yako inawakawaka tu kama kimulimuli.”

“Na ukuta?”

“Umelika upande wa kwetu. Na wewe, unaondokaje bila uji, kama mwizi wa kuku?”

Nilishindwa kucheka.

Mhezi nilifika mchana. Mzee mmoja alinipa chumba cha nyuma. Kabla ya kutua begi nikamuuliza ndiva yao iko wapi.

“Hapo juu ya dirisha lako. Kwani unataka kuoga?”

Nikamwomba nilale stoo ya mbele, kwenye magunia ya mahindi.