Kobe Kwenye Orodha ya Maji

Nilimchorea shosho wa watu kobe. Nianze hapo, kwa sababu nikizunguka nitajipa sababu.

Shosho, yaani bibi mzee, ni jirani yetu huku Mitunguu, na anatembea polepole hadi kuku wanampita. Mimi namcheka kila mtu, hata mwalimu wangu wa hesabu. Mama ni katibu wa kikundi cha maji ya mfereji, na likizo ile aliniomba nimtengenezee orodha ya zamu. Nikaandika programu ndogo kwenye laptop yake kuukuu, ile skrini nyeusi ya maandishi matupu. Pale kila herufi ina chumba chake, na vyumba vyote ni sawa. Majina upande wa kushoto, siku saba upande wa kulia, kila siku chumba kimoja, na alama ya x chini ya siku yako.

Halafu kando ya jina la shosho nikaweka kale kapicha ka kobe, ka emoji kama za kwenye simu. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa, kobe huchukua vyumba viwili. Kuna watu wa viwango vya kompyuta waliokaa wakaamua kila alama ina upana gani. Mimi sikuwauliza, niliamua kila kitu ni chumba kimoja. Kwa hiyo x ya shosho ikasukumwa hatua moja, ikatoka Jumatano ikaangukia Alhamisi. Sikukagua. Nilipiga picha ya skrini, nikaichapisha saiba, kule kwenye duka la intaneti, na mama akaibandika kwenye mlango wa stoo ya kikundi.

"Hili doa ni la nini?" aliuliza.

"Ni alama ya kompyuta, mum."

Jumatano maji ya shosho yakapita bure. Alhamisi akaja na jembe lake, akafungulia miche yake ya ndizi. Mwenye Alhamisi akafika, akakuta mtaro wake mkavu.

"Shosho, siku hizi unaiba maji?"

"Karatasi imesema Alhamisi."

"Karatasi gani! Zamu yako ni Jumatano tangu nizaliwe!"

Watu wakajaa, na hakuna aliyekwenda kuitazama karatasi. Sheria ya kikundi ni moja: mwizi wa maji ananyang'anywa jembe mpaka mkutano ujao, na zamu yake inayofuata anaikosa. Wakalichukua. Nilikuwa pale, juu ya ukingo, na nilishaelewa kuwa kobe wangu ndiye aliyeisukuma ile x. Nikajifanya natazama maji, mimi ambaye mdomo wangu haufungwi hata kanisani. Shosho akarudi nyumbani mikono mitupu. Aliponipita akanishika bega: "Soma vizuri wewe, mimi macho yamenishinda." Alidhani amesoma vibaya.

Jioni nilimwambia mama kompyuta imekosea. Akaendelea kukoroga sufuria. Nikamwambia kuhusu kobe. Nikaona nijiokoe haraka, nikasema nitaenda kwa shosho saa hiyo hiyo, nimwombe msamaha tukiwa wawili, nirekebishe orodha, yaishe.

Mama akaweka sufuria chini, akasema: "Walimwita mwizi mbele ya watu, na wewe unataka kumsafisha jikoni kwake? Kesho wakiwa wote mferejini, uende useme ulichora nini na kwa nini. Wakikupa lile jembe lake, wewe ndiye utalibeba mpaka kwake."