Protini Nilizozitafsiri

Jumapili iliyopita nilijiaibisha Kasulu mbele ya kanisa zima, na wa kumlaumu simwoni. Nilikuwa nimetoka Kibondo kutafuta vibarua. Mwalimu mmoja aliyekimbia vita ya Kongo alialikwa kueleza mambo ya mwili, akahitajika mkalimani wa Kiha. Shule niliiacha darasa la nne, lakini penye mafundisho sipiti bila kusimama, basi nikajitolea. Katekista akaniambia, "Ukifaulu, kazi hii ni yako kila Jumapili."

Mwalimu akasema ndani ya mwili mna uzi mrefu wa maagizo, DNA, na protini huja kuukalia. Zikikaa mbili pamoja, agizo linafunguka. Ikija ya tatu, linafungwa. "Hiyo ni hesabu," akasema, "kama ya kompyuta." Kompyuta sijawahi kuiona, ila nilisisimka mno. Protini nazo nilizijua: bango la zahanati limezichora kama maharage. Nikatafsiri *ibiharage*. Maharage mawili yakikaa kwenye uzi, mwili unapiga hesabu!

Mama mmoja akasimama, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, mwanangu ni wa mwisho kwa hesabu. Nimpikie maharage ya njano au mekundu?"

Mwalimu akanigeukia. "Ndugu, nasikia tu *ibiharage, ibiharage*. Mi nilisema maharagi saa ngapi?"

Kanisa likaangua kicheko. Katekista akafuta machozi, akasema, "Jumapili ijayo atatafsiri mama huyu."