Nilihamisha VM 14 kutoka Moshi kwenda Arusha bila kuzima hata moja, nikafuta sauti ya bibi wa Uru

Wakuu, salaam kwenu. Naandika nikiwa na akili zangu zote na sijaongeza chumvi popote, ingawa natamani ningekuwa nimedanganya hata sehemu moja.

Majina nimebadilisha, ofisi siitaji. Mlioko Moshi mtakaonitambua, naombeni mkae kimya tu.

Asiyependa uzi mrefu aondoke na hili: kuna bibi mmoja wa Uru, huko mlimani juu ya Moshi, alirekodiwa sauti, dakika kama arobaini. Ndiyo rekodi pekee aliyowahi kukubali maisha yake yote. Bibi amefariki, na rekodi niliifuta mimi.

Sasa turudi nyuma.

Ofisi yetu iko Moshi mjini. Tunatunza mifumo ya taasisi ndogondogo: shule, zahanati, vyama vya wakulima wa kahawa huko juu. Mfumo mmoja ni hifadhi ya sauti, ulioanzishwa na mwalimu mmoja mstaafu. Unamrekodi babu au bibi yako kwa simu akisimulia mambo ya ukoo, unatuma, inatunzwa.

Mwaka jana mwenye jengo akatutaka tuhame kabla ya mwaka kuisha. Bosi akapata nafasi kwenye data center moja Arusha. Tulikuwa na VM kumi na nne za kuhamisha.

Kwa wasio wa fani: VM ni kompyuta isiyo na mwili wake, inaishi ndani ya seva. Unaweza kuihamisha kwenda seva nyingine huku inafanya kazi. Mtumiaji anabonyeza, inamjibu, kumbe ilishavuka mto Kikafu zamani, iko njiani Arusha. Hiyo ndiyo live migration, na mimi nilikuwa najigamba nayo mpaka kwenye vikao vya harusi.

Nikachagua tarehe 23 Desemba, asubuhi. Hoja yangu ilikuwa kwamba ofisi zimefungwa, shule ziko likizo, mifumo imelala. Bosi akasema sawa.

Hapa mnaruhusiwa kunicheka. Mimi Mchagga, nimezaliwa Uru, nimekulia Uru, halafu nasema Desemba huku kumelala!

Tarehe hizo watu wote wanapanda. Dar, Mwanza, Dodoma, wote wako nyumbani, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina magari matatu yamebanana kwenye migomba. Na mtu akikaa na mzee wake baada ya mwaka mzima anafanya nini? Anatoa simu anamrekodi. Mfumo ule kwa kawaida unapokea rekodi mbili tatu kwa wiki. Wiki ya Krismasi ndiyo wiki yake, na ndiyo niliyoichagua mimi.

VM kumi na tatu zilivuka bila kelele. Saa sita mchana nikampigia bosi nikamwambia hakuna mfumo hata mmoja utakaozimwa leo. Niliyasema hayo nikiwa nimeweka miguu juu ya meza.

Ya kumi na nne ikagoma. Nayo ndiyo ya sauti.

Kazi inavyokwenda, mtambo unakopi memory ya VM, halafu unarudia yale yaliyobadilika wakati unakopi, mpaka yanayobaki yawe machache ndipo VM inaruka upande wa pili. Sasa watu wanatuma rekodi mfululizo, mabadiliko yakawa mengi kuliko link, njia yetu ya mtandao ya Arusha, ilivyoweza kubeba. Inafika asilimia 97, inarudi 91. Saa nzima hivyo hivyo.

Mtu mwenye busara angeizima dakika chache ikahama ikiwa imelala. Lakini nilishamwahidi bosi. Nikalazimisha: VM iruke Arusha kwanza, memory iliyobaki iifuate nyuma.

Ikiwa katikati, link ikakatika. Baadaye tuliambiwa kuna mtu alikuwa anachimba mtaro akakata kebo.

VM ikafa, nusu huku nusu kule. Nikaiwasha nakala ya Moshi, ikaamka vizuri, watu wakaendelea kutuma. Nikashusha pumzi, nikafunga ofisi, nikaenda sikukuu.

Nilichosahau ni kwamba ile ya Arusha nilikuwa nimeiweka ijiwashe yenyewe ikizimika. Link iliporudi, ikajiwasha.

Kwa siku tatu zikawepo mashine mbili, jina moja, anwani moja. Rekodi nyingine ziliingia Moshi, nyingine Arusha. Kila aliyetuma aliona neno "Imepokelewa" kwenye simu yake, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Najua mtauliza kuhusu backup, ile nakala ya akiba ya kila siku. Niliisimamisha mwenyewe tarehe 22 ili isile link. Tukaneni tu, nipo.

Tarehe 27 nikarudi ofisini kumalizia. Nikaona ziko mbili, moyo ukashtuka. Nikafungua ya Arusha, nikakuta rekodi za tarehe 24, 25 na 26. Nikasema safi, hii ndiyo hai, ile ya Moshi ni nakala ya zamani tu.

Ya Moshi sikuifungua. Wakuu, ilikuwa ni kufungua folda moja, sekunde kumi.

Nyumbani walikuwa wamechinja. Baba mdogo alishapiga simu mara mbili kwamba kisusio, ile supu yetu ya damu, kinapoa na ukoo mzima unanisubiri mimi. Na utaratibu wa ofisi unataka diski zinazoachwa zifutwe kwa kuandikwa sifuri mwanzo mpaka mwisho. Nikaziwekea zile za Moshi zifutwe, nikapanda Uru kula nyama.

Januari, katikati ya mwezi, simu ya ofisi ikaita. Ni mama mmoja, tumwite Mama Anjela, nesi mstaafu. Alifanya kazi Dar miaka yote, watoto wake wamekulia huko. Alipostaafu akarudi Uru kumuuguza mama yake, Bibi Kristina. Bibi alikuwa amepooza upande mmoja na kuongea kulikuwa kwa tabu.

Akaniambia, "Mwanangu, tumemzika mama juzi. Nilikuwa naomba mnitafutie sauti yake ya tarehe ishirini na nne, naitafuta humu siioni."

Nikamwambia subiri mama, nikatafuta. Nikatafuta tena. Nikamwomba namba ya risiti iliyobaki kwenye simu ya Anjela, bintiye aliyemrekodi bibi. Namba ile Arusha haikuwepo. Nilipoikosa tu nilijua imeenda wapi: Moshi, kwenye diski nilizofuta.

Rekodi zilizopotea hazikuwa hiyo peke yake. Wengine niliwapigia, wakawa bado wanazo kwenye simu, wakatuma upya. Anjela hakuwa nayo. Simu yake ilikuwa imejaa, akaona "Imepokelewa", akafuta ili apate nafasi ya picha za Krismasi. Angefanya nini tena, si tulimwambia imepokelewa?

Nilimaliza siku nne nabeba zile diski kwa kila fundi ninayemjua, Moshi na Arusha. Sifuri tupu.

Nikamwambia baba mdogo ukweli wote. Akasema hili si la kupiga simu. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito unampelekea jani la sale kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Tukaenda wawili, Jumapili baada ya misa.

Nilimwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, kaeni."

Baba mdogo akaongea Kichagga, akaeleza tulichokuja nacho. Nikampa jani kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu, akalipokea, akaliweka mapajani. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alitii mila tu, na sina ujasiri wa kumuuliza.

Kisha akatusimulia siku yenyewe. Nyumba imejaa wageni, yeye yuko jikoni na sufuria ya machalari, ndizi na nyama. Anjela alikuwa amemkalisha bibi barazani na kumwekea simu mbele. Bibi, ambaye kwa miezi alikuwa anasema neno moja moja, akaanza kuongea. Akaongea, akaongea.

"Nilimsikia sauti kwa mbali," Mama Anjela akasema. "Nikafurahi. Nikasema ngoja niivishe hiki chakula, maneno yake si yanarekodiwa, nitakaa niyasikilize wageni wakiondoka."

Wageni wakaondoka, bibi akazidiwa, ikawa hospitali, ikawa msiba.

Pale pale akampigia Anjela, akaweka sauti ya nje.

"Anjela, yupo huyu kijana wa mitambo. Hebu rudia alichosema bibi."

"Mama, nilishakuambia. Alikuwa anakutaja jina. Mara nyingi. Katikati alicheka, mwishoni akalia kidogo."

"Aliponitaja alisema nini?"

"Sijui, mama. Alikuwa anaongea Kichagga. Wote tuliokuwa pale barazani hatukijui. Hukutufundisha."

Mama Anjela akakata simu. Baba mdogo akainama. Mimi nililia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu, na sioni aibu kuliandika hapa.

Tulipoaga akanishika mkono getini. "Mwanangu, kwa utaalamu wako, hata kipande? Hata pale tu aliponitaja?"

"Haiwezekani, mama."

"Haya. Ila ukisikia kuna namna, uje."

Nilichojifunza, kwa wenye kazi kama yangu: mashine ikikataa kuhama ikiwa macho, izime. Watu watakununia dakika kumi, na kununiwa hakuui. Usisimamishe backup siku unayoihitaji. Na kabla ya kufuta, fungua uone, hata kama nyumbani wamechinja ng'ombe. Mengine mtaongezea nyie, mimi sina moyo wa kufundisha mtu.

Ninachowaomba ni kitu kimoja. Wataalamu wa kuokoa data mliomo humu, diski ni za kawaida za kuzunguka, zimeandikwa sifuri mara moja, hazijaguswa tangu hapo. Ninazo kwangu. Kama kuna namna ambayo sijaijaribu, andikeni. Kama haipo, andikeni haipo, msinipe pole.

Nimekuwa nikipita kwa Mama Anjela kila Jumapili baada ya misa. Ananikaribisha, ananipa chai, na kabla kikombe hakijaisha ananiuliza kama nimesikia lolote. Keshokutwa ni Jumapili.